Mwayuma Wawili katika Droo Moja

Nisiwazungushe. Mimi ndiye yule mwalimu wa Kasongo aliyemfukuza shule mtoto wa kwanza wa darasa kwa mstari mmoja wa programu, tena kwenye mikro ya kukuzia sauti, tena mbele ya wazazi wote, tena nimevaa kikwembe kipya ambacho fundi alinimalizia asubuhi ileile. Jina langu ni Zaina, wanafunzi wananiita Madamu, lakini tangu siku ile mji mzima (hadi mama anayeniuzia majani ya sombe sokoni) unaniita Mashini-Haikosee. Mtaelewa kwa nini. Nawaeleza kwa sababu najua mmeshasikia vipande vipande, na vipande mlivyosikia ni vibaya kuliko kitu chenyewe, ingawa kitu chenyewe nacho si kizuri.

Mnajua proklamasyo ya kwetu ilivyo. Mwisho wa mwaka wazazi wanajaa kwenye kiwanja cha shule, jina la mwanafunzi linaitwa na asilimia yake, waliopita wanamwagiwa pudre kichwani mpaka wanakuwa weupe kama waliotoka kwenye kinu cha unga, wanawake wanapiga vigelegele, aliyeitwa na asilimia chini ya hamsini anarudia darasa, na ambaye jina lake halikuitwa, basi huyo hana chake tena pale, amefukuzwa, na hakuna mzazi mwenye haya anayesimama kuuliza. Unamshika mtoto wako mkono, mnatoka kimya. Kwa miaka mingi majina hayo yalisomwa na sekretere wetu, Papa Sumaili, mzee mmoja wa polepole sana, anayesoma jina, anakohoa, anatafuta miwani ambayo iko usoni, kisha anaongeza maneno yake: "Amisi Juma, yule wa nyuma ya msikiti. Amisi Juma, yule wa mama muuza samaki wa Nyangwe." Darasa moja linamchukua saa nzima, na mimi nilikuwa nikikaa pale juani nikihesabu dakika na kusema moyoni, huyu mzee atatuua.

Basi mwaka ule nikamwendea Prefe, mkubwa wa shule, nikamwambia proklamasyo ya darasa la tano niachie mimi na ordinatere, kompyuta yangu. Nikamwambia nitaandika programu, majina yatajipanga yenyewe kwa alfabeti, hakuna kuruka, hakuna kurudia, hakuna kukohoa. Prefe akafurahi. Papa Sumaili, aliyekuwa anachonga penseli pembeni, akaniuliza tu, "Madamu, hiyo mashini inajua watu?" Nikacheka. Wallahi nilicheka kwa sauti.

Lugha ninayofundisha inaitwa Java, na utamu wake ni kwamba walioitengeneza hawakukuacha mikono mitupu: ndani yake mna ghala la vyombo vilivyokwisha kuundwa, linaitwa java.util, wewe unaandika mstari mmoja juu kabisa wa kuliomba na vyombo vyote vinakuwa vyako. Kuna Scanner ya kusomea faili, kuna Random ya kubahatisha, kuna ArrayList inayopanga vitu kwenye foleni kama vilivyokuja, na kuna TreeMap, ambayo ndiyo niliyoipenda mimi kuliko vyote, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilipoisoma kule Bukavu nilikuwa peke yangu niliyeielewa. TreeMap ni kabati la droo. Kila droo ina jina lake, unatia karatasi ndani, na kabati lenyewe linapanga droo kuanzia A mpaka Z bila wewe kuinua kidole. Ila (sikieni hapa) droo mbili haziwezi kuwa na jina moja. Ukileta karatasi ya pili yenye jina lilelile, ile ya kwanza inatolewa na mpya inakaa mahali pake. Haipigi kelele. Nilikuwa najua hilo, nilikuwa nalifundisha ubaoni.

Kosa langu lilianza na uvivu mdogo tu. Orodha ya Papa Sumaili ilikuwa na jina, jina la baba, asilimia, halafu pembeni, kwa penseli, yale maneno yake: wa msikitini, wa sokoni, wa Kabambare, wa wapi sijui. Nikaona ya nini kujichosha vidole kuandika umbea wa mzee. Nikaandika jina, jina la baba na asilimia. Majina yakawa funguo za droo, asilimia zikawa karatasi. Mistari arobaini na saba, programu ikakimbia mara moja bila kosa hata moja, orodha ikashuka kwenye skrini imenyooka vizuri, nikapiga makofi peke yangu. Kuhesabu imebaki mistari mingapi sikuhesabu. Kuna neno fupi tu, size, unaliambia kabati liseme lina droo ngapi, na mimi sikuliuliza.

Sasa, katika darasa lile walikuwamo wasichana wawili ambao kwenye orodha wote ni Mwayuma Ramazani. Mtasema, Madamu, ulikuwa unawafundisha, hukuwajua? Niliwajua kama ninavyojua vidole vyangu! Lakini mmoja ni Mwayuma wa Butiki, baba yake ana duka la nguo na simu pale barabarani, na mwingine ni Mwayuma wa Salamabila, baba yake anachimba dhahabu kule. Hakuna mtu, hata siku moja, aliyewaita kwa jina lingine. Wenyewe walikaa dawati moja na kuitana "somo" kwa sababu ya kugawana jina. Katika kichwa changu hawakuwa na jina moja. Niliandika mmoja juu ya orodha na mwingine chini na mkono wangu haukushtuka hata kidogo.

Asubuhi ya proklamasyo nikamkuta baba wa Salamabila langoni. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa pikipiki, suruali nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, kofia yake ameishika mkononi. Akaniamkia kwa heshima, akasema, "Madamu, mi nilimupa huyu mutoto mwaka moja. Kuna mutu kule amekwisha kuja kwetu kuniomba mukono yake. Nilimuambia angoja proklamasyo. Akipita, ile maneno inakufa, anasoma mupaka mwisho. Asipoitwa, leo leo narudi naye." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtoto wake ana akili. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tukaanza. Grupu, jenereta ya umeme, ilikuwa ya baba wa Butiki, aliyetuazima pamoja na mikro na baflo mbili kubwa za kutoa sauti, maana binti yake alikuwa anangojewa nyumbani na sufuria la pilau. Betri ya ordinatere yangu ilikufa zamani, bila waya haiishi, lakini grupu ilikuwa inanguruma vizuri na mimi nikasimama kama waziri. Nikasoma. A zikaisha, B zikaisha, wazazi wanashangilia, mambo yanakwenda mbio hata Prefe ananitazama akitikisa kichwa kwa furaha. Nikafika M. "Mwayuma Ramazani! Asilimia themanini na moja! Wa kwanza wa darasa!"

Mstari wa mbele ukalipuka. Mama wa Butiki akaruka na kopo la pudre, shangazi zake nyuma, vigelegele, kopo zima likamwishia msichana kichwani, hamumwoni tena macho. Na kule nyuma, nikamwona Mwayuma wa Salamabila ameinuka nusu. Nusu tu, mikono bado kwenye benchi, uso umefunguka anataka kucheka. Akatazama mbele, akawaona watu wa Butiki, akakaa tena taratibu, akangoja. Nilimwona, jamani. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili, nikajiambia labda kiti kinamuumiza, nikaendelea kusoma. N. O. R. S. Nikafika Zubeda Kitenge, nikafunga, nikasema asanteni.

Baba wa Salamabila aliinuka. Alivaa kofia yake, akamshika binti mkono, wakatoka langoni, na nikasikia pikipiki ikiwaka nje.

Papa Sumaili alikuwa amekaa karibu yangu na karatasi yake, kila jina nililoita alikuwa analikata kwa penseli. Akanivuta kikwembe. "Madamu, umeita watu makumi ine na sita. Mimi niko na makumi ine na saba." Na mimi, kwa kiburi kile (hapa ndipo natamani ardhi ingenimeza), nikamjibu, "Papa Sumaili, mashini haikosee! Mutu ndiye anakosa! Hesabu tena!" Mikro ilikuwa bado mkononi, haijazimwa. Baflo mbili zikatangaza mpaka sokoni kwamba mashini haikosei. Watu wakacheka, wakamcheka yule mzee, naye akashusha miwani akaanza kuhesabu upya, kidole kwa kidole.

Ndipo akaja mbele yule msichana mweupe. Alikuwa anatembea taratibu, pudre inamwagika mabegani, na machozi yamechora mistari miwili mashavuni. Nikadhani ni furaha, nikafungua mikono nimkumbatie. Akasimama mbali na mikono yangu.

"Madamu, ile pursantaji haiko yangu."

"Unasema nini, mutoto?"

"Mutihani ya hesabu sikuimaliza. Ya fizike pia. Mi najijua. Themanini na moja iko ya somo yangu. Mbona hamukumuita?"

Alisema kwenye mikro. Sikumpa, ila nilikuwa nimeishika katikati yetu kama mshumaa na sikuwa na akili ya kuishusha. Kiwanja chote kikamsikia. Nikaishusha mikro kwa haraka, ikagonga bangili zangu na baflo zikatoa mlio wa ajabu. Nikainamia ordinatere, nikaandika lile neno fupi ambalo nilipaswa kuliandika siku tatu nyuma. Likajibu: arobaini na sita. Nikalisoma mara tatu. Halafu nikakumbuka kitu kingine, kibaya zaidi: lile kabati, ukitia karatasi mpya kwenye droo yenye kitu, halitupi ile ya zamani kimyakimya kama nilivyozoea kusema. Linakurudishia mkononi, kana kwamba linauliza, mama, hii nimeitoa, unaitaka? Ila lazima uwe umeandika mahali pa kuipokea. Mimi sikuandika. Mashini ilinyoosha mkono na mimi nilikuwa natazama pembeni.

Nikataka kufungua orodha niliyoandika nione asilimia iliyofutwa ni ngapi, na hapo baba wa Butiki, ambaye alikuwa amesimama muda wote na kifua mbele akipokea pongezi, akaelewa. Hakutukana, ni mtu wa dini. Alikwenda tu mpaka kwenye grupu yake akaizima. Skrini ikawa nyeusi. Wazazi mia na zaidi wananitazama, Prefe ananitazama, ordinatere imekufa, na kitu pekee duniani kilichobaki kinachojua ukweli ni karatasi ya Papa Sumaili. Akainua, akasoma pale penye penseli, polepole, bila mikro: "Mwayuma Ramazani, wa Butiki, makumi ine na tatu. Mwayuma Ramazani, wa Salamabila, makumi munane na moja." Akakohoa. "Nilikuuliza, Madamu. Inajua watu?"

Nikaiweka mikro chini. Nilimnyang'anya ile karatasi (mzee wa watu!) nikakimbia langoni nikamkamata motari wa kwanza niliyemwona na pikipiki yake. Sijakaa sawasawa nikasikia mtu anaruka nyuma yangu: ni Mwayuma wa Butiki, na pudre yake yote. "Twende," akasema. "Mi najua barabara wanapitia." Mama yake alikuwa anaita kutoka kiwanjani. Hakugeuka.

Mnaijua barabara ya Kabambare, ya kwenda Salamabila, wakati wa kiangazi. Vumbi lile si vumbi, ni ukuta. Kiatu changu kimoja kilibaki katika shimo la kwanza, kilemba kikabaki kwenye tawi la mti, motari anapiga kelele kwamba watu watatu ni wengi, mimi namwambia kimbia tu baba, na nyuma yangu yule mtoto anakohoa pudre na kulia kwa pamoja. Nilikuwa nimepigwa na butwaa kiasi kwamba nilirudia neno moja tu njia nzima, nimemfukuza, nimemfukuza, mpaka motari akaniuliza, "Mama, umefukuza nani, bwana?"

Kilichotuokoa ni daraja. Lile la miti lilikuwa limebonyea chini ya lori tangu asubuhi, na pikipiki zote zilikuwa zinabebwa na vijana kupitia majini, moja moja, na watu wamejipanga kando na mizigo yao: wamama na vikapu, wachuuzi na madumu, mtu na mbuzi wake. Na baba wa Salamabila, suruali amekunja, anangoja zamu yake. Msichana amekaa juu ya begi, ametazama maji.

Nikaanguka zaidi ya kushuka. Nikaanza kueleza, droo, funguo, TreeMap, sijui nini. Akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Madamu, mashini ilisema mutoto yangu haiko."

"Mashini haikusema, baba. Ni mimi nilisema. Mashini nilikataa kuiuliza."

Nikampa karatasi. Akaisoma kwa muda mrefu, kidole chini ya kila herufi, midomo inatikisika. Nikadhani yamekwisha. Akanirudishia.

"Mi naamini. Lakini jina ya mutoto yangu haikuitwa mbele ya watu. Kule Salamabila watauliza waliokuwako: mulisikia jina? Watasema hapana. Nitawaonesha karatasi ya penseli?" Akanitazama miguu, kimoja kina kiatu na kingine hakina. "Umuite."

"Hapa, baba?"

"Hapa kuna watu. Wanaenda kila pahali. Umuite."

Basi nikapanda juu ya gogo la lile daraja. Nywele zimesimama, kikwembe kimepasuka kwenye goti, sina mikro, sina ordinatere, na mtu na mbuzi wake wamesimama wananikodolea macho. Nikaishika karatasi ya Papa Sumaili kwa mikono miwili na kupiga ukelele kwa nguvu zangu zote: "Mwayuma Ramazani! Wa Salamabila! Asilimia themanini na moja! Wa kwanza wa darasa la tano!" Sauti ikakatika katikati, nikaanza tena kutoka mwanzo, maana yule baba alikuwa ametega sikio na sikuthubutu kuiba hata neno. Mama mmoja mwenye kikapu akapiga kigelegele, na mwingine, na vijana waliokuwa majini wakazipiga makofi pikipiki walizobeba.

Pudre haikuwapo. Mwayuma wa Butiki akamwendea mwenzake, akainamisha kichwa chake, akaanza kujikung'uta nywele kwa mikono miwili juu ya kichwa cha yule mwingine, nyeupe kidogo, vumbi jekundu jingi, anasugua, anasema, "Somo, hii iko yako. Nilikubebea." Wakashikana pale, wote wawili rangi ya matofali, na baba akageuka kutazama lori, eti analikagua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Sitawadanganya kwamba yaliisha vizuri kwangu. Niliporudi nikaomba radhi nyumbani kwa Butiki, na mama mwenye nyumba akaniwekea sahani ya pilau mbele yangu, baridi, na akakaa kunitazama mpaka nilipomaliza, na hilo ndilo pilau gumu kuliko yote niliyowahi kumeza. Papa Sumaili nikamwomba msamaha mbele ya walimu wote, akasema ni sawa, kisha akaniomba nimchongee penseli.

Proklamasyo ya mwaka uliofuata aliisoma yeye. Kazi yangu ilikuwa kumshikia mwavuli. Alipofika darasa la tano akakohoa, akatafuta miwani, na mimi nikaushika mwavuli kwa mikono miwili kwa sababu nilijua nani amerudia darasa lile. "Mwayuma Ramazani," akasoma, akangoja kidogo, nadhani makusudi, "wa Butiki. Makumi sita na nane." Kabla mama yake hajainuka, somo yake, sasa wa darasa la sita, alikuwa amekwisha kukimbia kutoka nyuma na kopo la pudre, jipya, halijafunguliwa, lenye vumbi jekundu la njia kwenye kifuniko.

Java bado naifundisha, na lile ghala bado nalifungua kila siku. Lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitaandika tena jina la mtu bila kuuliza kwanza, wa wapi?